Chakula na changarawe kwa vifaranga wa bata: mwongozo kwa wafugaji wa Rusizi

Kifaranga wa bata hukua haraka kuliko wa kuku. Bata mweupe wa Pekin hutoka yaini akiwa na gramu 50 hivi, na akilishwa vizuri hufikia kilo 3 katika muda wa wiki 7. Bata wa kienyeji hakui kwa kasi hiyo, lakini hata yeye hujenga mifupa na misuli mingi katika wiki chache za mwanzo, na chakula kikipungua ubora, miguu ndiyo hudhurika kwanza. Katika wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, mfugaji mdogo mara nyingi huwa na njia mbili: kununua chakula cha vifaranga wa kuku mjini Kamembe, au kuchanganya mwenyewe kwa mahindi, soya, pumba za mpunga wa Bugarama na samaki wa Ziwa Kivu. Njia zote mbili hufaa, mradi mahitaji ya bata yazingatiwe.

Protini na niasini

Katika wiki 2 hadi 3 za kwanza, chakula kinapaswa kuwa na protini ya asilimia 20 hadi 22. Baada ya hapo asilimia 16 hadi 18 inatosha. Protini na nguvu zikizidi kwa muda mrefu, mwili huwa mzito kuliko miguu inavyoweza kubeba, na wakati mwingine ncha za mabawa hupinda na kuelekea nje.

Tofauti kubwa kati ya bata na kuku iko kwenye niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Kifaranga wa bata huhitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, ilhali wa kuku hutosheka na 35 hivi. Mahindi yanayo niasini, lakini sehemu kubwa imefungamana na nafaka kiasi kwamba ndege haifaidi. Kifaranga anayeikosa huanza kuchechemea, viungo vya miguu huvimba, miguu hupinda, na mwishowe hutambaa kwa kifua hadi kwenye chombo cha chakula. Akisaidiwa mapema hupona. Akichelewa hubaki kilema.

Kwa hiyo anayetumia chakula cha kuku aongeze chachu kavu ya pombe, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kikombe cha chakula, au vitamini za kundi B kwenye maji kwa maelekezo ya daktari wa mifugo wa sekta. Chakula kilichotiwa dawa ya kuzuia kuhara damu kwa kuku kiepukwe. Bata hula zaidi ya kuku wa umri wake, hivyo kipimo cha dawa kilichokusudiwa kuku huweza kumzidi.

Kuchanganya nyumbani

Mchanganyiko wa kilo 10 unaokaribia asilimia 20 ya protini unaweza kuwa na mahindi yaliyosagwa kilo 4.9, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2.4, pumba laini za mpunga kilo 1.5, unga wa samaki wadogo gramu 800, chachu kavu gramu 300 na chokaa ya mifugo gramu 100. Mchanganyiko wa vitamini na madini huongezwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Soya mbichi haifai, kwa sababu ina viini vinavyozuia protini kumeng'enywa. Moto wa kikaango huviharibu. Samaki wanaofaa ni isambaza, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wawe wamekaushwa bila chumvi, maana figo za vifaranga hazistahimili chumvi nyingi. Walioanikwa chini kwenye udongo wapepetwe kwanza.

Pumba nazo zichunguzwe mashineni kabla ya kulipia. Pumba safi ni unga laini wenye harufu ya mchele na mafuta kidogo. Ukiufinya kiganjani hushikana. Zikichoma kiganja na kuonyesha vipande vyembamba vinavyong'aa, zimechanganywa na makapi, ambayo hayana lishe kwa kifaranga. Mafuta ya pumba huchacha upesi katika joto la bonde la Bugarama, kwa hiyo zinunuliwe za wiki moja au mbili tu.

Ukungu

Hakuna ndege wa kufugwa anayedhuriwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, upesi kama kifaranga wa bata. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifo vya vifaranga wa bata viliripotiwa pia Kenya na Uganda. Uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu, na kwa miaka kadhaa maabara zilitumia vifaranga wa bata wa siku moja kupima kama chakula kina sumu hiyo. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zisipewe bata hata zikioshwa, kwani maji na moto wa kawaida haviondoi sumu hiyo. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, hasa miezi ya mvua.

Changarawe

Bata hana meno. Chakula husagwa ndani ya firigisi, na vijiwe vidogo alivyomeza ndivyo vinavyosaidia kusaga. Haja ya vijiwe hutokana na aina ya chakula kuliko umri. Kifaranga anayekula unga au chembechembe laini pekee hahitaji changarawe, kwa kuwa chakula hicho huyeyuka kwenye maji. Siku anapoanza kupewa majani, minyoo, wadudu au nafaka nzima, changarawe iwepo. Anayetembea nje na mama yake kwa kawaida hujiokotea mwenyewe.

Vijiwe viwe vigumu, visivyoyeyuka, vya milimita 1 hadi 2. Mchanga mnene wa mto huchekechwa ili vumbi liondoke, huoshwa hadi maji yawe meupe, hukaushwa juani, kisha huwekwa katika kichombo chake pembeni. Usichanganywe na chakula, kwa sababu kifaranga mwenye njaa huweza kujaza tumbo mchanga.

Chokaa, maganda ya mayai na magamba ya konokono havichukui nafasi ya changarawe. Huyeyuka tumboni na kutoa kalsiamu, ambayo bata anayetaga huihitaji kwa wingi. Kifaranga anatosheka na kile kidogo kilichomo kwenye mchanganyiko. Akizidishiwa, figo zake huharibika. Vumbi la saruji na vipande vya zege visitumike kabisa.

Maji na majani

Chakula kikavu bila maji humkaba bata. Chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha kuzamisha pua ili azisafishe, lakini kisimruhusu kuingia na kulowa. Unga ulioloweshwa huliwa vizuri zaidi, ila mabaki yatupwe baada ya saa chache kabla hayajachacha.

Majani laini yaliyokatwakatwa, kama dodo (mchicha) au kabichi, yanaweza kuanza siku za mwanzo pamoja na changarawe. Parachichi, maharage mabichi na majani mabichi ya muhogo yawekwe mbali, kwani yana sumu kwa ndege.