Mtapo: Mtaji wa Polepole, Hati Kwanza

Wanaotaka kuwekeza katika mitapo, ile mimea ya bustani na vyungu inayofanana na minazi mifupi, wajue kwamba faida yake haiji kwa msimu mmoja. Mtapo hukua polepole mno, ndiyo sababu mkubwa huuzwa ghali kuliko mche. Lakini hudumu: bustani ya Kew, London, unao mmoja uliotoka Afrika Kusini mwaka 1775, na hadi leo umo ndani ya chombo.

Mtego uko kwenye chanzo. Mtapo wa pwani ya Kenya na Tanzania, Encephalartos hildebrandtii, umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES. Uliochimbwa porini hauuzwi nchi za nje kibiashara. Uliooteshwa kitaluni husafirishwa kwa kibali.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ule wa Kijapani, Cycas revoluta, hutoa machipukizi shinani yanayoweza kupandwa upya. Udongo usituamishe maji, mizizi isije ikaoza. Mbegu ni sumu, ziwekwe mbali na watoto na mbwa.

Ukiuziwa mtapo mkubwa kwa bei ya kutupa, uliza kwanza ulikotoka.