Kamanyola: goti likiuma kabla ya uzee, si lazima libadilishwe

Katika uwanda wa Ruzizi, wanaolalamikia magoti si wazee peke yao. Kuna mama wa miaka 40 anayebeba mizigo mgongoni tangu utoto, ao kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki na mfupa ukaunga vibaya. Mtaani jina ni moja: rimatisme. Wanachomwa sindano, maumivu yanatulia, kisha yanarudi.

Mara nyingi mguu huo una tege. Hata mguu ulionyooka unabeba karibu 60 kwa mia ya uzito kwa upande wa ndani wa goti. Ukiwa na tege, upande huo unabeba karibu wote. Gegedu, kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa, kinalika, na mfupa unasagana na mfupa. Upande wa nje unabaki mzima.

Hapo munganga wa mifupa anaweza kunyoosha mguu badala ya kubadilisha goti. Anakata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, bila kuumaliza, anaupanua kidogo kama mtu anayetia kabari kwenye kuni, kisha anaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Uzito unahamia upande mzima. Goti la bandia kwa kawaida linadumu miaka 15 mpaka 20. Ukiwekewa ukiwa na miaka 40, na bado unalima, utarudi kupasuliwa, na mara ya pili ni ngumu zaidi. Kunyoosha kunaweza kusogeza siku hiyo mbele miaka kumi hivi, ingawa maumivu hayaishi yote.

Haifai kwa goti lililolika pande zote, wala kwa ugonjwa unaovimbisha viungo vingi kwa pamoja. Mvuta tumbaku naye mfupa wake unachelewa kuunga.

Swali gumu ni la nyumbani: nani atalima? Ni magongo kwa wiki sita hivi, mfupa kuunga karibu miezi mitatu, mizigo mizito baadaye zaidi. Na kupanda Ngomo kwenda Bukavu kwa kontroli, na magongo ndani ya gari lililojaa, si mchezo. Kama munganga anakubali kungoja, kiangazi ni afadhali.

Ukipelekwa kupigwa radio, omba ipigwe ukiwa umesimama, mguu mzima. Ukilala, tege linaweza kujificha na goti likaonekana zima.