Chai moto: Kwa nini umio hauna kinga kama ya tumbo

KATIKA nyumba nyingi za Kericho na Bomet, siku huanza kwa kikombe cha chai ya maziwa inayofuka mvuke. Mkulima huimeza harakaharaka, joto likimshuka kifuani, kisha hushika njia kwenda kuchuma majanichai. Ni wachache wanaojiuliza joto hilo limepita wapi.

Njia ya chakula ina seli nyingi zinazotoa majimaji, kila sehemu kwa kazi yake. Kinywani, tezi za mate hutoa takriban lita moja kwa siku. Mate hulainisha tonge na kuanza kuvunja wanga.

Tumboni, baadhi ya seli hutoa asidi ya haidrokloriki inayoua viini vingi. Nyingine hutoa pepsinojeni, ambayo asidi hiyo huigeuza kuwa pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini za nyama na maziwa. Mbona basi asidi hiyo isilimeng'enye tumbo lenyewe? Ni kwa sababu seli nyingine hufunika kuta zake kwa ute mzito wenye bikaboneti, kemikali inayozimua asidi. Utumbo nao una seli zenye umbo la kikombe ambazo hutoa ute bila kukoma.

Hali ni tofauti katika umio, mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukuta wake una seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Seli hizo hustahimili msuguano wa chakula, lakini hazitoi ute. Umio hutegemea mate na tezi chache zilizotawanyika, kinga ambayo ni hafifu mbele ya chai ya moto. Seli zinazoungua hulazimika kuzalishwa upya, na kadiri hilo linavyokaririwa ndivyo uwezekano wa hitilafu katika chembe za urithi unavyoongezeka.

Suala hili si dogo katika eneo hilo. Hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet, imewahudumia wagonjwa wengi wa saratani ya umio, wakiwemo vijana wa chini ya miaka 30. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, wasiweze kumeza hata uji, na huwekewa mrija wa waya ili chakula kipite.

Hata hivyo, chai yenyewe haina hatia. Mnamo 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio. Kinachoshukiwa ni joto, si majani. Tumbaku na pombe ni visababishi vilivyothibitishwa.

Kwa hivyo, ni vyema kuiacha chai ipoe kwa dakika kadhaa. Aidha, anayehisi chakula kikikwama anapomeza asingoje kukonda ndipo amwone daktari. Haraka haraka haina baraka, ila katika kutafuta matibabu.