Mnara wa mabomba mawili

Anayeingia kwenye redio za ridhaa huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Redio ya wati 100 inameza akiba yote, antena inafungwa kwenye mwembe mita 3 kutoka ardhini, kisha mwenyewe anashangaa mbona Japani hawamsikii. Angebana kwenye mashine, hela akaipeleka juu. Ili sindano ya anayekupokea ipande alama moja, nguvu ya redio inabidi izidishwe mara 4. Antena ya bendi ya mita 20 ikipanda kutoka mita 3 hadi 10, mawasiliano ya mbali hupata zaidi ya hapo, na bili ya umeme ni ile ile.

Kuipandisha hakuhitaji mnara wa kiwandani. Mabomba ya chuma ya maji huuzwa kwa urefu wa mita 6. Chukua la inchi 2 na la inchi moja na nusu, dogo liingie ndani ya kubwa mita 1, toboa, kaza bolti mbili: una mita 11. Antena yenyewe ni waya wa shaba. Gawa 143 kwa megahezi unazotaka, kwa 14.2 unapata mita 10 na ushee, unaukata katikati na kuzishusha pande zote mbili kutoka kileleni. Anza na waya mrefu kidogo. Kupunguza ni rahisi, kuunga ni karaha.

Ila bomba si kazi. Kazi ni kamba, na nahodha wa jahazi angekwambia hivyo hivyo kuhusu mlingoti wake. Zivutwe pande 3, kwa ngazi 2: penye kiungo na karibu na kilele. Nanga zichimbiwe mita 7 au 8 kutoka shinani. Kiwanja kikiwa kidogo watu huzisogeza karibu. Hapo kila kamba inabeba mzigo mkubwa zaidi na kulikandamiza bomba mpaka lipinde. Kasi ya upepo ikiwa mara 2, msukumo unakuwa mara 4, na kusi haipigi hodi. Katani, hata ya Tanga, haifai hapa: ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, mwisho inaoza. Nailoni nayo inavutika. Nunua waya wa chuma wa kusokota.

Kuusimamisha mlingoti, weka bawaba shinani na bomba la tatu, la mita 3 au 4, lililosimama wima pale pale. Kamba kutoka kwenye mlingoti uliolala inapita juu ya bomba hilo, watu wanavuta. Kamba za kushoto na kulia ziwe zimeshafungwa. Uzito unauma mwanzoni. Mlingoti ukikaribia kusimama, hatari inageuka, unataka kupitiliza upande wa pili. Mtu mmoja abaki nyuma akiuzuia.

Nyaya za umeme ziwe mbali kuliko urefu wa mlingoti mzima, tena kwa ziada ya nusu yake. Chomeka fimbo ya ethi, na wingu likitanda chomoa kebo ya antena kwenye redio, hasa ukiwa kando ya Ziwa Victoria, kwenye radi kupita kiasi.

Mwenyekiti wa mtaa atafika kuuliza kampuni ya simu inakulipa kodi kiasi gani. Mwonyeshe leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, yenye alama yako ya wito inayoanza na 5H, kisha umpe maikrofoni amsalimie mtu wa Nairobi.