Hija ya Miguu Haianzi Barabarani

Kila mwaka, siku chache kabla ya Juni 3, waumini wengi kutoka Kenya huvuka mpaka kwa miguu kuelekea Namugongo, nchini Uganda. Ni ibada ya kuheshimiwa. Hata hivyo, aghalabu sisi huipima kwa kilomita pekee, tukasahau kwamba hija ina sehemu tatu: maandalizi, mwendo na tafakuri. Anayeishika ya katikati na kuziacha mbili hurejea nyumbani na malengelenge tu.

Tuanze na maandalizi. Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Anayemudu kilomita 25 kwa siku atahitaji siku nane. Basi na apige hesabu mapema: atalala wapi, atapata wapi maji safi, na je, hati zake za kuvukia mpaka zi tayari? Viatu vifaavyo si vipya, bali vile ambavyo mguu umekwisha kuvizoea. Mazoezi nayo yaanze wiki kadhaa kabla, kidogo kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Lililo zito zaidi ni usalama. Hiyo ni njia kuu ya malori yaendayo Kampala na kwingineko. Kundi la wanafunzi litembee upande wa kulia, likiyaelekea magari yajayo, katika mstari mmoja, wala lisitembee gizani. Mwalimu asiyeweza kuyahakikisha haya asiwachukue watoto wa watu. Imani haimwondolei mtu wajibu.

Ama kuhusu tafakuri, njia yenyewe ni kitabu. Mnamo 1885 Askofu James Hannington alitoka pwani kwa miguu, akapitia Mumias, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyewahofia wageni waliotokea mashariki. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alimlaumu Kabaka kwa mauaji hayo; mwezi uliofuata naye akauawa. Mwishoni mwa Mei 1886, vijana wengine waliohukumiwa Munyonyo waliswagwa kwa miguu hadi Namugongo, baadhi wakiuawa njiani. Juni 3 wengi waliteketezwa kwa moto, Wakatoliki na Waanglikana, miongoni mwao Kizito, mvulana wa miaka kama 14.

Mwanafunzi anayezikariri tarehe hizi atafaulu mtihani. Lakini yule anayetembea siku nane, na kila jioni akajiuliza mtumishi yule alipata wapi ujasiri wa kumwambia mfalme kwamba amekosea, atapata jambo ambalo mtihani hauliulizi. Hasa akikumbuka kwamba Kizito alikuwa rika lake.

Kwa hiyo kila mwanafunzi na achukue daftari dogo. Jioni, kabla ya kulala, aandike alichokiona, kilichomchosha na aliyemfaa. Kurudi huwa kwa basi, na safari ya siku nane hukunjwa katika usiku mmoja; asipoandika, mengi yatapotea. Wiki hiyo hiyo mwalimu awakusanye wasomeane, hata wale ambao hawakwenda wasikilize.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Nasi tuongeze: hata kufika si kuhiji, iwapo aliyerudi ni yule yule aliyeondoka.