Hoho Inayosimama Wima: Tupike Gemista, Tulijue Soko

Leo tuweke jembe pembeni kidogo, tuingie jikoni. Najua wengine mtasema bwana shamba kaishiwa mada, sasa anatufundisha kupika. Subirini kwanza. Chakula cha leo kiliniumbua mbele ya vijana niliokuwa nawashauri, na nisingekipika nyumbani kwangu nisingejua nilikosea wapi.

Chakula chenyewe kinaitwa gemista. Ni neno la Kigiriki, maana yake "vilivyojazwa". Unachukua nyanya na pilipili hoho, unazikata juu, unatoa vya ndani, unajaza mchele na majani ya kunukia, kisha unaoka taratibu mpaka mchele uive ndani ya mboga yenyewe.

Kreti 4 zilienda, 3 zikarudi

Kuna kikundi cha vijana ninaowatembelea. Walichukua mkopo wa vijana wa halmashauri, wakafunga umwagiliaji wa matone kwenye robo eka, wakapanda hoho. Shamba lilipendeza kweli. Mpishi wa hoteli moja akawaambia anataka hoho za kujaza, kwa bei karibu mara mbili ya ile ya sokoni. Wakanipigia simu kwa furaha. Nikawaambia, "Chagueni kubwa kubwa, tunda kubwa ndiyo pesa."

Wakachuma kubwa kubwa. Wakapeleka kreti 4. Jioni ile ile nikapigiwa tena: kreti 3 zimerudishwa, na wiki hiyo ndiyo ya rejesho. Mmoja wao akaniambia bila kuzunguka, "Bwana shamba, leo umetuponza."

Iliniuma. Kesho yake nikaenda kwa yule mpishi, nikiwa nimeshajiandaa kulalamika. Hakubishana na mimi. Alichukua hoho moja kutoka kwenye kreti iliyobaki, akaisimamisha mezani. Ikasimama. Akachukua nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, nzuri, inang'aa, ila imechongoka chini. Ikaanguka. Akasema, "Hii nikiijaza mchele inalala kwenye trei, mchuzi wote unamwagika. Mgeni nampa nini?"

Kisha akanionyesha kitu cha pili. Zilizorudi nyingi hazikuwa na kikonyo. Vijana walizinyofoa kwa kuzizungusha kwa mkono, na aliyewafundisha hivyo ni mimi, kwa sababu ni haraka. Kumbe ile sehemu ya juu yenye kikonyo ndiyo mfuniko wa chakula chenyewe. Bila kikonyo mfuniko hauna pa kushikia, na mara nyingi hoho imeshachanika begani.

Nikakosa la kusema. Nimekaa darasani, nina stashahada yangu ya kilimo, nimefundisha hoho miaka kadhaa, lakini sikuwahi kujiuliza mteja akishainunua anaifanyia nini.

Chakula cha msimu wa mboga kujaa

Ugiriki gemista ni chakula cha kiangazi chao, kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati nyanya na hoho zimejaa kila mahali na bei iko chini. Hilo mkulima yeyote wa nyanya analielewa. Badala ya kuacha mboga ziharibike, mama wa nyumbani anazijaza mchele kidogo, anatia mafuta ya zeituni kwa wingi, anapanga na viazi ulaya katikati, na familia nzima inakula.

Wako wanaochanganya mchele na nyama ya kusaga. Isiyo na nyama wanaiita orfana, yaani "yatima". Hiyo yatima inapendwa sana, na inafaa pia siku za mfungo. Waumini wa Orthodox wana mfungo kuanzia tarehe 1 hadi 14 Agosti ambapo hawali nyama wala maziwa, na hapo ndipo nyanya zao zimeiva vizuri. Nje ya mfungo wanaila na kipande cha jibini la feta, linalotengenezwa kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na kiasi cha ya mbuzi.

Wala Wagiriki si wageni kabisa kwetu. Enzi za Tanganyika walikuwepo walowezi wa Kigiriki waliolima mkonge, kahawa na tumbaku. Na nyanya, hoho na viazi vyote asili yake ni Amerika. Kwa hiyo Wagiriki nao walizipokea kama sisi tulivyozipokea, wakazifanya zao.

Mara ya kwanza nilivyoharibu

Jumamosi iliyofuata nikabeba zile hoho zilizokataliwa na nyanya kutoka sokoni, nikamwambia mke wangu leo napika mimi. Akacheka, akavuta kiti akae aangalie.

Nilikosea karibu kila kitu. Nyanya zilikuwa zimeiva kupita kiasi, nilipotoa nyama ya ndani tatu zikapasuka. Nyingine nilipoifungua nikakutana na funza wa kantangaze ndani, na nje palikuwa na kitundu kidogo tu ambacho sikukiona. Mchele niliujaza mpaka juu, ukavimba ukasukuma mifuniko. Maji niliweka kidogo, kwa hiyo mchele wa juu ukabaki mbichi na wa chini ukaungua. Na hoho zilianguka zote, kama mpishi alivyosema.

Mke wangu alionja, akasema, "Baba, hii tuwape kuku." Lakini siku ile nilielewa vizuri kwa nini kreti 3 zilirudi. Wiki iliyofuata nikarudia kwa kuchagua mboga sawasawa, na sufuria ikaisha. Nilichofanya ni hiki.

Mahitaji (watu 5 mpaka 6)

- Nyanya kubwa za mviringo 6, zilizoiva lakini bado ngumu
- Hoho 4 zinazosimama, zenye vikonyo
- Mchele kikombe kimoja na nusu (kadiria vijiko vikubwa 2 kwa kila mboga)
- Vitunguu maji vikubwa 2 na punje 2 za kitunguu saumu
- Majani ya mnanaa na ya pasli, kiganja kimoja kimoja. Ukikosa pasli tumia giligilani, ladha itabadilika lakini inakubali
- Viazi ulaya 4, vikatwe vipande virefu
- Nyanya ya kopo kijiko kikubwa 1
- Mafuta nusu kikombe au zaidi kidogo. Ya zeituni ndiyo yenyewe, ila bei yake unaijua. Ya alizeti yanafanya kazi
- Chumvi, pilipili manga na sukari kidogo

Namna ya kupika

1. Osha mboga vizuri. Kata juu ya kila moja upate mfuniko, usiutupe. Kwenye hoho toa mbegu na nyuzi nyeupe. Kwenye nyanya toa nyama ya ndani kwa kijiko, ukiacha ukuta wa kama sentimita 1. Usitoboe kitako.

2. Nyunyizia chumvi na sukari kidogo ndani ya nyanya. Ile nyama uliyotoa ikatekate, iweke pembeni na maji yake yote. Hiyo ndiyo itakayoivisha mchele.

3. Kaanga vitunguu kwa nusu ya mafuta mpaka vilainike. Tia mchele uliooshwa, geuza dakika 2 hivi. Ongeza nusu ya ile nyama ya nyanya, chumvi na pilipili manga, acha uchemke dakika 5 tu. Mchele usiive hapa. Epua, changanya mnanaa na pasli.

4. Jaza kila mboga robo tatu, si zaidi. Mchele unahitaji nafasi ya kuvimba. Ongeza kijiko cha maji ya nyanya juu yake, kisha funika na mfuniko wake.

5. Panga mboga kwenye trei zikiwa zimesimama, zikibanana kiasi. Viazi viweke kwenye nafasi za katikati, vinasaidia kuzishikilia. Changanya nyama ya nyanya iliyobaki, nyanya ya kopo, mafuta yaliyobaki na kikombe kimoja cha maji, mwagia kwenye trei.

6. Oka kwa nyuzi 180 kwa saa moja na nusu hivi. Saa ya kwanza funika, nusu saa ya mwisho funua ili juu pakaukie na kubadilika rangi. Trei ikikauka ongeza maji kidogo.

Huna oveni? Hata mimi sina. Natumia sufuria pana yenye mfuniko bapa: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyopika keki nyumbani. Ukisikia inachemka kwa fujo, punguza moto wa chini.

Ikiiva usiikimbilie. Iache nusu saa itulie, mchele unywe mchuzi. Wagiriki wengi wanaila ikiwa vuguvugu. Lakini isilale mezani usiku kucha, mchele uliopikwa unaharibika upesi.

Sasa turudi shambani

Baada ya kupika mara ya pili nilikaa na wale vijana, nikawaomba radhi, tukaandika upya namna ya kuhudumia na kuchuma. Haya ndiyo tuliyokubaliana, nawe uyachukue.

*Umbo kwanza, ukubwa baadaye.* Kwa soko la kujaza, panda aina yenye tunda la boksi. California Wonder inajulikana sana kwetu na hutoa matunda yenye pembe 3 hadi 4. Yenye pembe 4 ndiyo inayosimama vizuri zaidi. Kwenye nyanya, tafuta za mviringo zenye mabega mapana. Roma ni nzuri kwa mchuzi na kusafirisha, lakini ni ndefu, haikai kwenye trei.

*Ondoa tunda la kwanza.* Lile linalotokea kwenye panda ya kwanza ya mche wa hoho litoe mapema. Mche unapata nguvu ya kukua na kubeba matunda yanayofuata.

*Maji yasiruke.* Kukausha shamba siku kadhaa kisha kulifurisha kunapasua nyanya, na kunachangia kuoza kitako kwa sababu mmea unashindwa kufikisha kalisi kwenye tunda. Nyanya iliyopasuka au kuoza kitako haijazwi, inavuja. Kama una matone, toa maji kidogo kidogo kwa ratiba.

*Kata kwa kisu au mkasi.* Acha kikonyo cha sentimita 2 hivi. Kosa hili lilikuwa langu mia kwa mia.

*Panga kwa ukubwa.* Mpishi anataka kreti ambayo matunda yanalingana, kwa sababu yakitofautiana mengine yanaiva mengine bado. Wastani unaofanana unauzika kuliko kubwa zilizochanganyika na ndogo.

*Heshimu siku za kusubiri.* Hapa sina utani. Kwenye gemista mteja anakula tunda zima, ganda, nyama na maji yake. Soma kibandiko cha dawa, hesabu siku kutoka kupuliza mpaka kuchuma, andika kwenye daftari. Nilipokuwa natoa ile nyama ya nyanya kuwapikia wanangu, nilijikuta najiuliza huyu aliyeilima alipuliza lini. Mteja wako naye anajiuliza hivyo hivyo.

*Jaribu mezani.* Kabla ya kufunga kreti, simamisha kila hoho juu ya meza. Inayosimama iende hotelini. Inayoanguka iende sokoni, kule ni ya kukatwakatwa na haina tatizo lolote.

Iliishaje?

Rejesho la mwezi ule vijana walilipa kwa kukopa kwa ndugu, sitawaficha. Zile kreti 3 ziliuzwa sokoni kwa bei ya kawaida. Mzigo uliofuata walipeleka kreti 2 tu, zimepimwa mezani moja moja, vikonyo juu. Zote zilipokelewa, na mpishi akaulizia na nyanya. Hawajatajirika, lakini hawajarudishiwa mzigo tena, na deni la ndugu wameshalimaliza.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyoshauri. Kijana akiniambia anataka kulima zao fulani, swali langu la kwanza halihusu mbegu wala mbolea. Namuuliza, "Anayelinunua analipikaje?" Kama hajui, namwambia akapike kwanza. Sufuria moja Jumamosi ni gharama ndogo kuliko kreti 3 zilizorudi.

Basi wikiendi hii chukua hoho 4 za shambani kwako, zisimamishe mezani uone ngapi zinabaki wima. Kisha washa jiko.

Kazi njema, tukutane shambani.