Picha za Bandari za Uingereza katika Zama za Malkia Victoria

John Atkinson Grimshaw (1836–1893), mzaliwa wa Leeds, aliacha ukarani wa reli mwaka 1861 ili aishi kwa brashi yake. Alichora magati ya Liverpool, Hull, Glasgow na London, mara nyingi wakati wa usiku. Picha yake ya gati la Liverpool, ya mwaka 1887, yaonyesha milingoti iliyosongamana chini ya mbalamwezi, njia iliyolowa, na mwanga wa maduka ukimetameta juu ya mawe. Watu wamo, ila ni vivuli tu.

Uhaba huo wa watu una maana yake. Wanunuzi wa picha hizo walikuwa hasa wenye mali wa miji ya kaskazini, na mali hiyo ilitegemea bandari. Alfajiri, gati lilikuwa na sura nyingine. Kwa kuwa merikebu za matanga zilifuata upepo, na shehena kama chai na sufu zilikuja kwa majira, waajiri hawakutaka makuli wa kudumu. Wanaume walisongamana malangoni, msimamizi akachagua awatakao. Waliosalia wakarudi mikono mitupu. Hata aliyechaguliwa aliweza kupata kazi ya saa moja au mbili tu. Kiswahili kina neno liwafaalo watu hao, yaani vibarua, lililotokana na kile kikaratasi alichopewa mfanya kazi wa kutwa.

Tarehe 14 Agosti 1889, miaka miwili tu baada ya picha ile, mgomo ulianza katika bandari ya London. Makuli walidai peni 6 kwa saa badala ya 5. Waliongozwa na Ben Tillett, Tom Mann na John Burns. Australia peke yake iliwachangia pauni 30,000 na zaidi. Baada ya wiki kama tano, kwa upatanishi wa Kadinali Manning, wakaipata peni yao.

Si wachoraji wote waliowasukuma wafanyakazi gizani. Katika picha ya William Bell Scott iliyomo Wallington, Northumberland, iliyokamilika mwaka 1861, wafua vyuma wamesimama mbele wakiinua nyundo. Nyuma yao ni gati la Newcastle, na daraja la Robert Stephenson lililofunguliwa mwaka 1849. Lakini hao ni mafundi. Kuli angojaye langoni hakupewa nafasi hiyo ya mbele. Kando yao binti mdogo ameketi juu ya mtutu wa mzinga, amepakata chakula cha baba yake.